Kigae Hutolewa Nje

Mteja anayeingia katika duka la vigae hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, aghalabu huwa na picha kwenye simu. Ameipenda sebule ya mtu fulani na anataka yake iwe vivyo hivyo. Meneja ninayemsimulia huitazama picha hiyo kwa makini, kisha huuliza jambo lisilohusu kigae hata kidogo: "Nyumba imefika wapi, mama?"

Anauliza kwa sababu ya udongo wetu. Ni mweusi, huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikiingia. Usipochimbwa ukaondolewa na mahali pake pakajazwa mawe, sakafu hucheza, na kigae kilicho juu yake huinuka kikapasuka hata kiwe cha bei gani. Nimemwona akimzuia mwanamume aliyekuja na pesa mkononi, akimwomba ampigie fundi wake kwanza. Waliongea watatu kwa simu karibu nusu saa. Siku ile hakuuza kitu, na wala hakuonekana kusikitika.

Kazi yenyewe huanza anapokitoa kigae nje. Taa za dukani ni nyeupe na kali. Chini yake rangi ya maziwa na rangi ya mchanga hufanana. Kwa hiyo hubeba vigae viwili, ameshika kingo, akavilaza barazani juani, kisha akavihamishia kivulini. Mteja aliyekuwa ameamua hunyamaza. Halafu meneja huvikutanisha vile viwili uso kwa uso, kama viganja vya mtu anayeomba, na kubonyeza pembe. Vikicheza, vimepinda. Vile virefu vya sentimita 60 kwa 120 hupinda kidogo katikati, na ndiyo maana humwagiza fundi avipishanishe kwa theluthi, asivipishanishe kwa nusu, la sivyo ukingo mmoja utasimama na kugonga vidole vya watoto.

Kwa bafu humwaga maji juu ya kigae na kumwomba mteja apitishe kiganja. Anayetaka cheusi kinachong'aa huulizwa maji yake yanatoka wapi. Akisema kisimani, ataelezwa taratibu kwamba maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na kila tone likikauka litaacha doa jeupe. Kuna wanaokasirika. Yeye huwaletea hao cha kijivu kisichong'aa, akawaachia muda.

Hesabu huifanya kwa kalamu, mteja akiona. Sebule ya mita 5 kwa 4 ni mita 20 za mraba. Katoni ya vigae vinne vya 60 kwa 60 hufunika mita 1.44 za mraba. Kwa hesabu kavu ni katoni 14, lakini kuna vya kukata pembeni na kuna vitakavyovunjika, basi huongeza asilimia 10 na kufika 16. Fundi akitaja 20, humuuliza zile nne ni za chumba gani. Hamuaibishi mbele ya tajiri wake. Humvuta kando, wakahesabu upya. Nadhani hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa kuwa fundi ndiye anayemletea wateja, na angeweza kunyamaza tu.

Vingi vya vigae hivyo havikusafiri mbali. Tangu 2016 kampuni ya Keda inavichoma Ngatataek, humu humu kaunti ya Kajiado, kwa jina la Twyford. Lori hushuka na barabara hii hii. Mzee mmoja wa Kimaasai, aliyekuwa akimjengea mama yake nyumba ya mawe, aliamkiwa "Sopa", akaonyeshwa jina la mahali kwenye katoni. Alilisoma mara mbili kwa sauti.

Ubavuni mwa katoni kuna pia nambari ndogo, ya toni. Vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hutofautiana rangi kidogo, tofauti usiyoiona hadi viwe vimelazwa pamoja. Meneja hukagua katoni moja moja kabla ya gari kupakiwa, ameinama, kidole kikifuata nambari. Kisha huiandika katika daftari pamoja na jina la mteja, na kumsihi aweke katoni moja stoo kwake, isiguswe.

Wengi hawaiweki. Juzi alikuja mama na kipande kilichofungwa kwa gazeti: bomba lilikuwa limepasuka jikoni, sakafu ikavunjwa. Ilikuwa mwaka wa tatu tangu anunue. Meneja alifungua daftari la zamani, akapata ukurasa, akaenda nyuma ya ghala na tochi. Tulimsikia akisogeza katoni. Alirudi na vigae saba, vumbi hadi viwikoni, akatoka navyo moja kwa moja hadi barazani, akakilaza kile kipande katikati yao juani.