Cheti cha Mtendaji, Muhtasari wa Kijiji

Masumbwe iko Wilaya ya Mbogwe, wilaya iliyoanza mwaka 2012 sambamba na Mkoa wa Geita, ilipomegwa kutoka Bukombe iliyokuwa Shinyanga. Katika ukanda huu wa dhahabu, mtu akitaka kugawiwa ardhi ya kijiji au kupata hati ya hakimiliki ya kimila, ataulizwa mapema sana: muhtasari wa kikao uko wapi? Ni karatasi tu, ina muhuri na sahihi, na anayeiandika ni mtendaji wa kijiji. Ndiyo maana kila ninaposoma sifa za kuajiriwa mtendaji, naanza kwa kuuliza kama zinamwandaa kuandika karatasi hiyo.

Zamani hapakuwa na sifa ya kitaaluma iliyodaiwa. Kabla ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, katibu wa tawi la chama ndiye aliyekuwa katibu wa kijiji. Baadaye akaja mtendaji wa kuajiriwa, na wengi walioingia walikuwa wa darasa la saba. Kisha serikali ikaweka mpaka: kuanzia tarehe 20 Mei 2004, anayeingia utumishi wa umma awe na elimu ya kidato cha nne. Mpaka huo uliuma miaka mingi baadaye. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 ulipopita, waliondolewa hata wa darasa la saba walioingia kihalali kabla ya tarehe hiyo, na mwaka 2018 serikali ikatangaza kuwarudisha kazini. Ilikuwa haki. Mtu apimwe kwa kanuni iliyokuwapo siku alipoajiriwa.

Leo matangazo ya nafasi ya Mtendaji wa Kijiji daraja la III yanadai kidato cha nne au cha sita, pamoja na astashahada katika Utawala, Sheria, Elimu ya Jamii, Usimamizi wa Fedha, Maendeleo ya Jamii au Sayansi ya Jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Dodoma, au chuo chochote kinachotambuliwa na serikali. Uzito wote uko kwenye hayo maneno "au". Naelewa kwa nini yamewekwa: nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na Hombolo peke yake haiwezi kuvijaza. Lakini aliyesoma sheria anaweza kufika kijijini hajawahi kufunga hesabu za robo mwaka, na aliyesoma fedha hajawahi kufungua rejesta ya ardhi. Kazi yenyewe haigawanyiki kwa fani. Mtendaji ni afisa masuuli wa kijiji, katibu wa vikao na kamati zote, mlinzi wa amani, mtunza kumbukumbu na msikilizaji wa malalamiko, vyote kwa siku moja.

Tuchukue ombi la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, ila inaikataza kugawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo muhtasari mmoja hautoshi. Unatakiwa wa kwanza wa halmashauri, yenye wajumbe 15 hadi 25, kisha wa mkutano mkuu, ambamo kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana sauti. Kila kikao kina mahudhurio yake, akidi yake, ajenda yake na azimio lake. Mtendaji akiandika "wajumbe waliafiki" bila kutaja ni kikao kipi na walikuwapo wangapi, ameacha ufa. Ufa huo hauonekani shamba likiwa la mahindi. Dhahabu ikigundulika chini yake, kila upande unakuja na karatasi yake, na baraza linalosikiliza shauri halina cha kushika.

Hilo halifundishwi kwa mhadhara pekee. Mtumishi mpya ana miezi kumi na miwili ya matazamio kabla ya kuthibitishwa, na kwa maoni yangu huo ndio muda wa kukamilisha sifa yake, awe ametoka chuo chochote. Aandike mihtasari ya kweli ya vikao vya halmashauri, aingize mgao mmoja wa ardhi kwenye rejesta tangu ombi hadi hati, na asome mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu. Mtendaji wa kata akague kazi hizo kwa kalamu nyekundu, na daftari lililokaguliwa liambatane na maombi ya kuthibitishwa.

Wale wa darasa la saba waliorudishwa nao wapewe nafasi ya kufanya mtihani huo huo wa daftari bila kurudishwa darasani. Mtendaji aliyekaa kijiji kimoja miaka ishirini anajua mpaka wa shamba hadi shamba, kwa mti wake na kwa jina la aliyeupanda.