Wakoboldi na Watu wa Kusadikika

Mchezo wa kompyuta uitwao Dwarf Fortress, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, ulitolewa mwaka 2006. Mjukuu wangu anaucheza. Mimi nimeusoma kama nisomavyo kitabu, maana ni kisa, tena kirefu.

Kompyuta hubuni dunia nzima: milima, mito, mataifa, na historia ya miaka mingi kabla mchezaji hajagusa kitu. Mbilikimo huchimba ngome zao. Wakoboldi, viumbe wafupi watagao mayai, hukaa mapangoni na kuiba vya jirani. Mataifa mengine yana msamiati wao. Koboldi ana milio tu, hata jina lake halifasiriki. Basi si ajabu, historia ikisha kuandikwa, ukakuta kabila lao limetoweka zamani.

Wachezaji wenye huruma hutaka kuwanusuru. Sifa za kila kiumbe zimo katika mafaili ya maandishi ya kawaida, kwa hiyo kalamu wanayo. Waweza kumkuza koboldi mwili au kumzidishia mayai. Hapo siafikiani nao. Koboldi mwenye kimo cha jitu hakunusurika; ametoweka vilevile, na mwingine amepewa jina lake. Njia ya pili ni kupunguza mazimwi wakati dunia inapoumbwa. Hii ina adabu zaidi: kiumbe hubaki alivyo, mfupi na mwizi, ila dunia humwachia nafasi ya kupumua.

Shaaban Robert, mwana wa Vibambani hapa Tanga, alikwisha kulitazama jambo hili katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951. Karama hapewi upanga wala misuli. Ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha sheria, naye hujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mawazo mema, wakatiwa gerezani. Haombi yeye abadilishwe. Ataka nchi ibadilike. Lakini Karama ana ulimi. Koboldi hana, na kwangu hiyo ni kasoro ya mchezo kuliko mazimwi yote: waliomuumba walimpa tamaa na tumbo, wakamnyima neno la kujitetea, kisha sisi twamhurumia.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nimekaa nyuma ya madarasa mengi ya Muheza na Pangani, nikimwona mwalimu mwanafunzi anamsaidia mtoto mzito kwa kumwandikia jibu. Daftari hupata alama ya vema, kwa mwandiko wa mwalimu. Mtoto akiulizwa, hutazama chini. (Wengine walikuwa walimu wapole kabisa, upole haukuwa ndio uliopungua.)

Maneno ya mataifa ya mchezo nayo yameandikwa katika mafaili yaliyo wazi. Mjukuu wangu anaongeza mayai. Mimi ningeanza na msamiati: neno la njaa, neno la pango, neno la hapana.