Jicho la Jirani: Melodrama ya Pendo Lililokatazwa Ikitazamwa kutoka Butembo na Beni

Filamu za pendo lililokatazwa huhakikiwa aghalabu kama hadithi za wapenzi wawili na adui mmoja: baba mkali, mume katili au tajiri mwenye tamaa. Makala haya yanadai kwamba katika kazi bora za aina hii adui huyo hayupo. Anayezuia ndoa ni jamii nzima ya watu wema. Kwa sababu hiyo mtazamaji wa Butembo au Beni ana nafasi nzuri ya kuzielewa filamu hizo, na pia ya kuzihoji.

Tuanze na All That Heaven Allows, filamu ya Douglas Sirk ya mwaka 1955. Cary ni mjane mwenye nyumba nzuri katika mji mdogo wa Marekani. Anampenda Ron, mtunza bustani aliye mdogo kwake. Hakuna sheria inayowazuia. Wanaowazuia ni marafiki wa klabuni wanaonong'ona na watoto wawili wanaoona haya. Cary anamwacha Ron kwa ajili ya watoto hao. Baadaye binti anachumbiwa, mwana anapata nafasi ng'ambo, na nyumba iliyotetewa kwa machozi inatajwa kuuzwa. Kama fidia, mama analetewa televisheni. Kamera inatuonyesha uso wake ndani ya kioo cha chombo hicho. Hapo fani inabeba maudhui: zawadi imegeuka dirisha la gereza.

Rainer Werner Fassbinder aliihamishia hali hii mjini Munich mwaka 1974, katika Angst essen Seele auf. Emmi, mjane anayeishi kwa kazi ya usafi, anaolewa na Ali, mhamiaji kutoka Moroko. Mwenye duka la mtaani anawafukuza. Baadaye anamrudia Emmi kwa tabasamu kwa kuwa anahitaji wateja. Majirani nao wanalainika wanapohitaji msaada wake. Fassbinder anafichua jambo ambalo Sirk alilidokeza tu: maadili ya mtaa yana bei.

Hoja hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu Butembo. Mji huu umejengwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wa Kinande, ambao kwa miongo mingi wameagiza bidhaa kwa kutegemea kuaminiana. Pale ambapo jina la ukoo ni dhamana ya mkopo, ndoa haiwezi kuwa jambo la moyo peke yake. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 nayo, katika kifungu cha 361, iliweka sharti kwamba mchumba na familia yake wapatane na wazazi wa binti kuhusu mahari. Kwa hiyo pendo halikatazwi kwa minong'ono ya klabu. Linakatazwa kikaoni, kwa heshima, na watu walewale waliowalipia wapenzi karo.

Hata hivyo, hapa ndipo tunapotofautiana na Sirk. Kwake, jicho la jirani ni ukuta tu. Lakini tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafanya watu wengi kuyahama makazi yao, na baadhi yao wamekimbilia Butembo. Kwa mtu aliyefika na mzigo mmoja kichwani, kufahamika kwa majirani kunaweza kuwa ndiko kunakotenganisha kupokewa na kushukiwa. Jicho linalombana Cary ndilo linalomlinda huyu. Melodrama itakayolifuta jicho hilo kwa kuwakutanisha wapenzi mwishoni itakuwa imesema nusu ya ukweli.

Kwa kuhitimisha, tunawashauri wanafunzi wanaoandika tamthilia na filamu kwa Kiswahili wampumzishe baba katili. Wamsawiri shangazi mpole, aliyeuza mbuzi wake ili binti asome, na ambaye sasa anasema hapana kwa sauti ya chini. Mtazamaji akishindwa kumchukia shangazi huyo, hapo ndipo mgogoro wa kweli utakapokuwa umeanza.