Sauti Ndani ya Matini: Uhariri wa Simulizi za Old Moshi Mtandaoni

Mhariri wa fasihi simulizi sasa anaweza kupachika sauti, video na maelezo yanayofunguka kwa kubofya ndani ya hati moja inayohaririwa mtandaoni na watu wengi kwa pamoja. Watetezi wa vipengele hivi hudai kwamba vinairejeshea simulizi uhai iliyoupoteza katika maandishi. Dai hilo ni kweli kwa kiasi tu.

Old Moshi inatupatia kipimo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Kidia, alikusanya mafundisho ya jadi ya Wachaga na kuyachapisha Ujerumani katika juzuu tatu kati ya 1932 na 1938. Kazi hiyo ni hazina, lakini ni hazina isiyo na sauti. Kichaga ni lugha ya toni, ambamo kidatu cha sauti huweza kutofautisha maana. Hata Kiswahili, kisicho na toni, hutegemea kiimbo: “Amefika” huwa taarifa au swali kutegemea sauti inavyoshuka au kupanda. Kwa hiyo, sauti iliyopachikwa si pambo la matini. Ni sehemu yake.

Tatizo linaanzia hapo. Tuchukulie kwamba wazee wawili wanasimulia kunyongwa kwa Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900, na wanatofautiana. Mhariri akipachika sauti ya mmoja na kumfupisha mwingine katika tanbihi, amekwisha kutoa hukumu bila kuitetea. Aidha, maandishi huendelea kurekebishwa ilhali sauti inabaki ilivyorekodiwa. Hatimaye unukuzi na sauti huachana. Tena, faili ya sauti mara nyingi huhifadhiwa kwingine. Ikiondolewa, msomaji hubaki na kisanduku kitupu.

Tunapendekeza masharti matatu. Kila sauti iambatane na unukuzi kamili wenye alama za toni. Masimulizi yanayotofautiana yapewe nafasi sawa, na wasimulizi watajwe kwa ridhaa yao. Mwisho, kila toleo linalonukuliwa kitaaluma lihifadhiwe likiwa na tarehe, lisibadilishwe tena.

Bila masharti hayo, mwanafunzi atakayenukuu hati yetu leo huenda kesho asiione hoja aliyoinukuu. Juzuu za Gutmann, pamoja na ububu wake, bado zinasomeka kama zilivyochapwa.