Dominanti Iliyopindwa: Isikilizwe Inapotua

Kwenye karatasi za muziki wa jazi, G7alt huandikwa bila maelezo zaidi. Kuchagua sauti ni kazi ya mpiga piano. G, B na F hazina mjadala. Ndizo zinazoifanya kodi hiyo iwe dominanti ya C. Zinazopindwa ni ya tano na ya tisa: D hushuka kuwa D flati au hupanda kuwa E flati, A hushuka kuwa A flati au hupanda kuwa B flati. D na A zenyewe huondolewa, kwa sababu zikibaki karibu na hizo zilizopindwa, ukali wa kodi hufifia.

Mpigaji mchanga hupenda kuzirundika zote nne kwa mpigo mmoja, na ukumbi husikia kelele tu. Ukali peke yake haupimi kitu. Kinachopimwa ni kutua: kila sauti iliyopindwa inadai mahali pa kwenda, na mpigaji hodari hupajua kabla hajabonyeza.

Mfano safi kabisa ni huu. Mkono wa kushoto ushike F na B zilizo chini ya C ya kati, wa kulia ushike E flati na A flati zilizo juu yake. G aachiwe mpiga besi. Sasa iingie C meja: F ishuke kwenye E, E flati kwenye D, A flati kwenye G. B ibaki ilipo. Vidole vitatu vimesogea nusu toni tu kila kimoja, na mvutano wote umelegea! Anayeuhamisha mkono mzima kwenda kodi mpya huukata uzi huo, hata kama sauti zake zote ni sahihi.

B flati inahitaji uangalifu zaidi, kwani hugombana na B. B ikiwa chini na B flati juu, ugomvi huo hung'aa. Mpangilio ukigeuzwa, msikilizaji hudhani kidole kimeteleza.

Mpiga piano Bill Evans alilijua hili vizuri. Tarehe 2 Machi 1959, jijini New York, alirekodi "Blue in Green" na kundi la Miles Davis kwa ajili ya albamu ya Kind of Blue. Wimbo huo huzunguka kwa bari 10 tu, na ndani yake A7 yenye C na C shapu pamoja hutua kwenye D maina. Evans huipiga kwa upole, na hilo ndilo la kusikilizwa kwanza: mvutano upo wote, ila hakuna aliyepaza sauti.

Katika solo, skeli inayotumika juu ya G7alt ni ya A flati maina ya melodia. Kuipanda na kuishuka ni zoezi, bado si muziki. Sikio lingoje sauti ya mwisho kabla ya C: je, A flati imeifikia G, au E flati imeifikia D? Pedali nayo iachiliwe hapo hapo, la sivyo sauti za zamani zitachafua mpya.

Pa kumpimia mpigaji ni wimbo wa "Stella by Starlight", ambapo G7 hukaa bari mbili kabla ya C maina. Muda huo ni mrefu. Aliyekomaa hamalizi kila kitu kwenye bari ya kwanza. Huweka E flati, husubiri, kisha huleta A flati bari ya pili, karibu kabisa na kutua.