Gamba la Kulia, Gamba la Kushoto

Mvua ya Mlima Elgon hugawana njia. Nyingine hushuka na mto Suam, kaskazini mwa Kitale, ambao mbele huitwa Turkwel na kumwaga maji Ziwa Turkana. Nyingine huingia Nzoia, hupita Webuye kule Bungoma, hadi Ziwa Viktoria. Huko ziwani Viktoria anaishi chaza wa maji baridi, Etheria elliptica, aliyepewa jina na mwanasayansi Lamarck mwaka 1807. Kando ya Turkana yumo kama kisukuku, katika mashapo yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja.

Chaza huyu hujigandisha mwambani, asibanduke tena. Baharini, kombe wa jamii ya Hinnites hufanya vivyo hivyo, ila hawakuurithi ufundi huo kwa babu mmoja na Etheria. Ushahidi ni upande wanaoulalia.

Kombe hulalia gamba la kulia, lenye pengo dogo linalopitisha nyuzi za kujifunga. Hinnites mchanga naye hujishika kwa nyuzi. Akikua, gamba lilelile la kulia ndilo linalogandishwa. Kisukuku chake kinasimulia maisha yote mawili: sehemu ya utotoni ina umbo zuri la kombe, kisha ghafla gamba linapindapinda kufuata kila kigongo cha mwamba. Chaza wa baharini hugandisha la kushoto. Etheria hutumia lolote kati ya mawili, na hilo ndilo linalonivutia kuliko yote, kwa kuwa linaonyesha ukoo usiofungwa na desturi ya kulalia upande mmoja.

Kazi yenyewe hufanyika ukingoni. Utando mwembamba unaofunika gamba hukandamizwa kwenye jiwe, majimaji yenye chokaa huupenya, na fuwele hujaza nafasi iliyobaki.

Faida ya kujigandisha ni nini? Mwaka 1991 mtafiti Elizabeth Harper alichapisha majaribio ambamo kaa na viti vya pweza walichagua kome walioshikwa kwa nyuzi, wakawaacha waliogandishwa. Adui hushindwa kumgeuza windo. Kwa baharini naikubali hoja hiyo. Mtoni naipa uzito zaidi nguvu ya maji, maana Etheria hustawi penye miamba na mkondo mkali.

Mtafiti wa Turkana anayetaka kuipima hoja hii asitosheke na magamba ya juu yaliyolegea. Gamba la chini, likiwa bado limeshikana na jiwe lake, ndilo lenye jibu.