Alama za Meno kwenye Wano

Mpwa wangu alikuja kwetu Kansay, wilayani Karatu, likizo ya Desemba na kompyuta yake ya mkononi, na jioni ya kwanza tu akaingia porini. Pori lenyewe ni la gemu ya theHunter: Call of the Wild, iliyotengenezwa Uswidi na kutolewa mwaka 2017, na upande anaoupenda unaitwa Vurhonga Savanna, nyika ya kubuni ya Afrika Kusini. Nilivuta kigoda nikakaa nyuma yake. Alilala kifudifudi ndani ya majani ya kioo, akausikiliza upepo, akalenga juu kidogo ya bega la mnyama.

"Mjomba, risasi inashuka," alinieleza bila kugeuka. "Darubini imewekwa ya karibu, na yule yuko mbali. Lazima nipandishe." Kisha akabonyeza kitufe, darubini ikahamia umbali mwingine, na mnyama akaanguka.

Waliotengeneza gemu ile wanastahili heshima kwa jambo hilo, maana hakuna kitu kilichorushwa na binadamu kikaenda moja kwa moja. Risasi ikitoka mtutuni kwa mita 800 kwa sekunde, ikifika mita 300 imekwisha kushuka kama sentimita 70, au zaidi. Mshale ndio taabu kabisa: ukienda mita 45 kwa sekunde, katika mita 30 tu huanguka zaidi ya mita 2. Hesabu hii niliipiga kwa kalamu nikiwa mtu mzima. Aliyenionyesha kwanza hakuwa na kalamu.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Baba alimpakia punda mahindi, tukateremka hadi upande wa Ziwa Eyasi kuyabadilisha kwa asali ya Wahadzabe, jamii ya wawindaji. Wakubwa walipoanza mazungumzo yao marefu, mimi nilivutwa na mzee mmoja aliyeketi chini ya mbuyu, mbele yake moto mdogo na fito chache zilizochunwa magome. Aliokota ufito mmoja, akauviringisha kati ya vidole, akaupitisha juu ya makaa. Ulipopata joto akauweka menoni, akaung'ata pale ulipopinda, akaukunja kwa mikono miwili polepole kama mtu anayemnyoosha mtoto kidole. Akautoa. Akafumba jicho moja, akautazama kutoka ncha hadi ncha. Akaurudisha motoni. Nilihesabu mara tisa, nikaacha kuhesabu. Meno yake ya mbele yalikuwa yamelika kwa kazi hiyo, na kila wano lililokuwa kando yake lilikuwa na vijishimo vya meno kutoka juu hadi chini.

Akafunga manyoya ya kanga kwa kano aliyoitafuna hadi ikalainika, akasimama na kuvuta upinde wake, ambao ulikuwa mrefu kunishinda. Alikuwa amechagua kisiki. Mshale ukapita kushoto. Nilitazamia alaumu mkono, au upepo. Aliuendea kimya, akaung'ata mara moja tu chini ya manyoya, akaupiga tena, ukapita kushoto kidogo. Mara ya tatu ukaingia. Akarudi nyuma hatua kumi, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakisahau: mkono wake wa kushoto ulipanda kiasi cha upana wa kidole, basi. Upinde haukuwa na alama yoyote ya kuonyesha kupanda kule. Mshale ukaingia kwenye kisiki kilekile. Akachukua mwingine, na ule mwingine ukamlazimu kuanza upya, kwa sababu ulikuwa na uzito wake, mkunjo wake na tabia yake. Bunduki ya mpwa wangu huwekwa sawa kwa kitufe, ikakaa hivyo. Yule mzee alijiweka sawa yeye mwenyewe kwa kila mshale.

Chembe nyingine za chuma hawakufua Wahadzabe wenyewe. Wahunzi wa Kidatoga waliponda misumari na vyuma chakavu, wakapewa asali na nyama. Sumu Wahadzabe walijichemshia, ile iitwayo panjube ikitokana na utomvu wa mti wa adeniamu. James Woodburn, Mwingereza aliyefika kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliviandikia vyombo vyao kitabu kizima. Lakini kipimo cha mkono wa yule mzee, kile cha upana wa kidole, sijui kama kinaandikika.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya ardhi yao, na nilifurahi kweli. Lakini kule Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, mashamba ya vitunguu yamekula vichaka vilivyotoa fito zilizonyooka, ng'ombe wamefika kila mahali, na mnyama wa kupigwa amekwenda mbali. Watalii huja alfajiri, hupewa upinde, hupiga mti, hupigwa picha, na kabla ya saa nne wamekwisha kuondoka. Mishale inatengenezwa kwa ajili yao, na kwa wingi. Mwezi uliopita nilinunua mmoja mjini Karatu. Una shanga, una rangi, unang'aa. Niliufumbia jicho moja nikauona unapinda kama njia ya mbuzi. Haukuwahi kupita juu ya makaa, wala hakuna aliyeurusha hata mara moja kujua unaangukia wapi. Sikasirikii aliyeuuza, maana ana watoto wa kulisha. Naumia kwa sababu hakuna mnunuzi hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyemdai mshale unaoruka.

Mzee wa mbuyuni alinipa siku ile mshale wa ndege, usio na chembe ya chuma. Ninao mpaka leo. Usiku ule wa gemu niliutoa darini nikampa mpwa wangu, akapitisha kidole juu ya vijishimo vya meno, akauliza umewekwa wa mita ngapi.

Nilitaka kumwonyesha jinsi ulivyonyooka. Nikauelekeza kwenye taa, nikafumba jicho. Umeanza kupinda, karibu na manyoya, pale alipoung'ata mwisho. Mpwa wangu alipolala nikasogeza jiko la mkaa, nikaupasha moto kama nilivyoona, nikauweka menoni, nisijue ning'ate wapi.